Usikiri ili tu yaishe: fundi wa kuchomelea na kesi ya wizi wa umeme

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, fundi wa kuchomelea hapa Morogoro. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Nina mke, mtoto mmoja, na vijana wawili ninaofanya nao kazi. Fremu ninayofanyia kazi nimepanga kwa mzee mmoja mwenye fremu nne kwenye jengo lile, na sasa nina miezi 20 hapo. Kila fremu ina mita yake ya LUKU, ila zote zimeandikishwa kwa jina lake. Nilipoingia nilikuta umeme upo, nikachomeka mashine yangu, nikaanza kazi.

Mwezi uliopita walikuja wakaguzi wa umeme wakiwa na polisi. Walipanda darini wakakuta waya umeungwa kwenye laini inayotoka nguzoni kabla haijafika kwenye mita, ukashushwa ndani ya ukuta hadi kwenye soketi ya mashine. Taa na feni zilikuwa zinapita kwenye mita, mashine ilikuwa haipiti. Walipiga picha, wakaukata ule waya, wakachukua mita pamoja na mashine yangu, na mimi nikaondoka nao. Nililala kituoni. Nilihojiwa usiku, maelezo yakaandikwa nikasaini. Sikuyasoma vizuri, nilikuwa natetemeka. Kesho yake shemeji yangu akaja kunidhamini. Siku chache baadaye nikapewa karatasi ya hasara ya shilingi 7,350,000, na Jumatano ya wiki ijayo natakiwa kufika Mahakama ya Wilaya kusomewa mashtaka.

Haki ya Mungu, ule waya sikuuweka mimi. Mwenye fremu anasema hajui lolote. Majirani wanasema aliyekuwa hapo kabla yangu naye alikuwa anachomelea, na kwamba alimleta kishoka, fundi wa umeme wa mitaani asiye na leseni, siku moja wakashinda darini. Yeye alishahama.

Mama, kuna jambo sijamwambia mtu. Nilikokuwa zamani nilikuwa nanunua umeme wa elfu thelathini kwa wiki. Hapa elfu kumi ilikuwa inanifikisha mwezi. Nilijiuliza, kisha nikaacha kujiuliza. Kazi zilikuwa nyingi na mtoto alikuwa amezaliwa.

Sasa kila mtu ana lake. Shemeji anasema nikubali kosa, nipigwe faini, yaishe. Rafiki yangu aliyesomasoma anasema umeme si kitu cha kushikika, hauwezi kuibiwa, kesi itatupwa. Mke wangu anataka tuuze kiwanja tulipe hiyo hasara yote, anaamini kesi itafutwa tukishalipa. Na kuna mtu anajiita karani amenipigia, anataka laki tano ili faili "lilale". Vijana wangu nao wanaogopa kuitwa mashahidi, wananiuliza wasemeje.

Nifanyeje?

Fundi, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hofu uliyonayo. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana watu wengi wanaofikishwa mahakamani kwa umeme wana hali kama yako: hawakuunganisha, lakini walitumia. Ni hali ngumu kuliko ya mtu aliyepanda nguzo usiku kwa mikono yake, na ndiyo maana ushauri wa haraka haraka unaweza kukuumiza.

Nianze na Jumatano, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Utasomewa shtaka, utaulizwa kama ni kweli au si kweli. Usikiri ili tu yaishe. Shemeji yako anakupenda, hilo naliona, lakini anadhani kukiri ni kama kulipa faini ya barabarani. Ukikiri mashtaka, na hakimu akaridhika kwamba umeelewa unachokikiri, unatiwa hatiani palepale bila shahidi hata mmoja kusimama. Hakuna atakayeulizwa waya ule ni wa lini. Hakuna atakayeulizwa hiyo milioni saba imetoka wapi. Na mlango wa rufaa unabaki mdogo sana: aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hukata rufaa juu ya uhalali au ukubwa wa adhabu tu, isipokuwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro, mfano maneno yake yalikuwa na utata au shtaka halikuonyesha kosa lolote kisheria.

Namna ya kupokea kukiri iliwekwa wazi tangu mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoamua shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, na mpaka leo mahakama zetu zinaufuata utaratibu ule. Hakimu anatakiwa akueleze kila kipengele cha kosa kwa lugha unayoielewa. Ukisema ni kweli, jibu lako liandikwe karibu iwezekanavyo na maneno yako mwenyewe. Kisha mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio, na wewe uulizwe kama kuna lolote unalolipinga. Ukipinga jambo la msingi, hakimu anatakiwa aandike kwamba umekana. Mtu akisema "ni kweli nilikutwa na waya lakini sikuuweka mimi wala sikujua", huko si kukiri, ni kukana. Wewe sema ukweli wako kwa ufupi. Kama shtaka linasema uliiba au ulichepusha umeme kwa hila, na wewe hukufanya hivyo, jibu ni "si kweli". Kukana shtaka si kiburi wala si kumdharau hakimu. Unaomba tu kwamba kinachodaiwa kithibitishwe.

Kabla hata ya kujibu, omba nakala ya hati ya mashtaka na uangalie umeshtakiwa kwa sheria ipi. Umeme una zaidi ya mlango mmoja. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kuchepusha nguvu za umeme kwa hila kwa matumizi yako au ya mtu mwingine, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Kuna Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, yenye makosa na adhabu zake. Na kuna mlango wa tatu, ambao ndio mzito: Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Kwa kuwa shirika la umeme ni la umma, mtu anaweza kushtakiwa kwa kulisababishia hasara, na kwa uhujumu uchumi kifungo ni kati ya miaka 20 na 30. Kosa la namna hiyo mahakama ya chini haiwezi kulisikiliza mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali na hati ya kuipa mamlaka. Ndiyo maana unasikia kwenye habari kwamba "washtakiwa hawakutakiwa kujibu chochote". Ukiambiwa hivyo Jumatano, usidhani umepona. Maana yake ni kwamba kesi imeingia kwenye mlango ule wa tatu, na hapo usikae siku mbili bila wakili, kwa sababu hata dhamana ina masharti tofauti yanayotegemea kiasi cha fedha kinachotajwa kwenye shtaka.

Rafiki yako aliyesomasoma, mwambie hoja yake iliwahi kushinda kesi, ila zamani na mbali. Mwaka 1899 mahakama ya juu ya Ujerumani, nchi iliyokuwa ikitutawala wakati ule, ilikataa kuuita umeme "kitu" kinachoweza kuibiwa, kwa kuwa sheria yao ya wizi ilitaka kitu cha kushikika. Haukupita muda. Mwaka 1900 Wajerumani wakatunga sheria maalumu ya kuadhibu kuchukua umeme. Uholanzi walikwenda njia nyingine: mwaka 1921 mahakama yao ya juu ilimshughulikia daktari wa meno wa mjini The Hague aliyekuwa akiizuia mita yake isizunguke kwa kuichomeka sindano, ikasema umeme una thamani, unaweza kutolewa kwa mwingine, basi unaibika. Uingereza nako, mwaka 1975, mahakama ilisema umeme si mali kwa maana ya sheria ya wizi, lakini haikuwasaidia wachepushaji, kwa kuwa sheria yao ya mwaka 1968 ilikuwa tayari imeweka kosa linalojitegemea la kuchukua umeme bila haki. Kanuni yetu ya Adhabu nayo imelitenga kosa hilo peke yake, kwa hiyo hakuna hakimu wa Tanzania atakayehangaika na swali kama umeme unashikika. Usiende na hoja hiyo. Utapoteza muda na utaonekana unakwepa.

Swali ambalo mahakama italihangaikia ni jingine kabisa: nani alichepusha, na kwa nia gani. Tazama neno "kwa hila". Upande wa mashtaka hautoshelezi kwa kuonyesha kwamba waya ulikuwapo na fremu umepanga wewe. Unatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana kwamba uliuweka, au uliuwekesha, au uliutumia ukijua unachokifanya. Kama hakuna aliyekuona, ushahidi utakuwa wa mazingira, na kanuni ya ushahidi wa mazingira ni kwamba vipande vyote vikiunganishwa visiache maelezo mengine yanayoingia akilini zaidi ya hatia yako. Hapo ndipo yule mpangaji wa kwanza anapokuwa na uzito. Usimtaje kama uvumi wa majirani. Tafuta mtu aliyeona kwa macho yake kishoka akipanda darini, na awe tayari kuja kusema hivyo. Mahakama ikiombwa inaweza kumwita shahidi kwa hati ya wito hata kama mwenyewe anasitasita. Mwenye fremu pia anaweza kuitwa aeleze mita ziko kwa jina la nani, nani alikuwa na ufunguo wa dari, na mpangaji aliyetangulia alikuwa akifanya kazi gani.

Lipo pia jambo linaloweza kusema kuliko majirani wote, nalo ni historia ya manunuzi ya umeme kwenye mita ile. Kila tokeni iliyowahi kununuliwa ina tarehe na kiasi. Kama manunuzi yalishuka ghafla mwaka mmoja kabla hujapewa ufunguo, maana yake waya ulikukuta. Kama yalishuka mwezi ulioingia wewe, jiandae kwa maswali. Wakili wako aombe kumbukumbu hizo, na zisiishie kwenye miezi yako 20 tu, zirudi nyuma hadi enzi za mpangaji wa kwanza. Na wewe leo hii tafuta mkataba wako wa pango. Kama ulipanga kwa mdomo, tafuta ujumbe wa simu unaoonyesha tarehe ya kodi ya kwanza.

Sasa tuje kwenye lile ambalo hujamwambia mtu. Mwanangu, hilo ndilo moyo wa kesi yako, na nakushukuru kwamba hukunificha. Mahakama haina mashine ya kupima moyo wa mtu. Inaangalia mwenendo. Fundi anayejua kwamba mashine yake inakula elfu thelathini kwa wiki, kisha akaona elfu kumi inafika mwezi kwa muda wa miezi 20, anaweza kuulizwa: ulidhani nini kinaendelea? Hakimu anaweza kuona kwamba ulijua, au kwamba ulichagua kutokujua. Anaweza pia kuona kwamba ulishuku tu, na kushuku si kujua. Sitakufundisha namna ya kulificha. Ninachokwambia ni hiki: mwambie wakili wako yote, maana mazungumzo kati yako na yeye yanalindwa na sheria na hawezi kulazimishwa kuyatoa. Huna wajibu wa kujishuhudia. Ukikutwa na kesi ya kujibu, unaweza kujitetea kwa kiapo, na unaweza kunyamaza, ingawa mahakama inaruhusiwa kuhoji ukimya wako na kuutafsiri dhidi yako. Ila ukiamua kupanda kizimbani na kuapa, useme kweli tupu. Nimeona watu wenye utetezi mzuri wakiharibikiwa kwa uongo mdogo mmoja, kwa sababu hakimu akishakukamata unadanganya kwenye dogo, hakuamini tena kwenye kubwa.

Maelezo uliyosaini usiku ule nayo yatarudi. Kwa sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai, polisi ana saa 4 za msingi za kukuhoji tangu uwekwe chini ya ulinzi, na muda huo ukizidi bila kuongezwa kwa utaratibu, maelezo yanaweza kukataliwa. Ulitakiwa kuonywa kwamba hulazimiki kusema kitu, na kuelezwa haki yako ya kuwa na wakili au ndugu wakati wa kuhojiwa. Mara nyingi nakala ya maelezo hayo hutaiona mpaka kesi ianze. Basi kaa chini leo, andika kwenye daftari: ulikamatwa saa ngapi, ulianza kuhojiwa saa ngapi, nani alikuwepo, uliambiwa nini kabla ya kuanza, na kama ulisomewa kabla ya kusaini. Pingamizi hutolewa pale maelezo yanapotaka kupokelewa kama kielelezo, kabla hayajapokelewa. Ukinyamaza yakapokelewa, halafu ukalalamika siku ya utetezi, umechelewa.

Vivyo hivyo kwa mita, waya na mashine. Afisa anayechukua vitu kwenye upekuzi anatakiwa kutoa hati ya vitu alivyovichukua, iliyosainiwa na mwenye eneo na mashahidi. Je, ulipewa? Mjumbe au jirani alikuwepo? Mita ilifungwa na kuwekewa namba mbele yako? Mahakama ya Rufani imesisitiza, hasa kwenye shauri la Paulo Maduka na wenzake, kwamba safari ya kielelezo tangu kukamatwa hadi mahakamani iwe na kumbukumbu, nani alimkabidhi nani na lini. Picha nazo aliyezipiga ndiye anayetakiwa kuzieleza. Haya yote si ujanja wa kukwepa. Wapo watu waliofungwa kwa vielelezo visivyokuwa vyao, na kanuni hizi zipo kwa ajili yao.

Ukishakana, kabla ya mashahidi kutakuwa na usikilizwaji wa awali. Hapo husomwa maelezo ya kesi na wewe huulizwa ni yapi huyabishii. Watu hulichukulia jambo hili kama dogo, wakaitikia kila kitu kwa heshima. Jambo ulilokubali hapo huhesabiwa limethibitishwa. Jina lako, kazi yako, kwamba umepanga fremu ile, hayo kubali. Kwamba ulichepusha umeme na kusababisha hasara ya shilingi 7,350,000, hapana.

Na hiyo hasara tuizungumze, kwa sababu hapa ndipo naona watu wakionewa bila kujua kwamba wana la kusema. Umeme uliopita pembeni ya mita haukupimwa na mtu. Kwa hiyo hesabu ni makadirio: nguvu ya mashine, mara saa za kazi kwa siku, mara siku, mara bei. Mashine ya kilowati 5 ikihesabiwa imewaka saa 10 kila siku kwa siku 30, ni uniti 1,500 kwa mwezi. Mashine hiyohiyo ikihesabiwa saa 3 kwa siku 26, ni uniti 390. Tofauti yake ni karibu mara nne, na imetokana na dhana tu. Wewe ni fundi, unajua kwamba mashine inavuta sana pale unapochomelea, na sehemu kubwa ya siku mnapima, mnakata kwa msumeno, mnapaka rangi, mnamngoja mteja. Aliyeandaa hesabu ile atakuja kama shahidi. Aulizwe: umehesabu miezi mingapi? Umetumia saa ngapi kwa siku na umezipata wapi? Umeondoa umeme uliolipiwa? Umejumlisha na kipindi cha mpangaji aliyetangulia?

Nimepiga hesabu kwa maneno yako mwenyewe. Elfu thelathini kwa wiki ni kama laki moja na ishirini kwa mwezi. Ukitoa elfu kumi uliyokuwa unanunua, tofauti ni 110,000 kwa mwezi, na kwa miezi 20 ni shilingi 2,200,000. Hiyo iko mbali sana na milioni saba. Lakini angalia, risiti zako za kule zamani zina makali pande zote mbili. Zinashusha deni, na papo hapo zinaonyesha kwamba ulikuwa unajua mashine yako inakula kiasi gani. Usizitoe mwenyewe kwa mtu yeyote, awe mkaguzi au polisi, kabla hujakaa na wakili mkaamua kwa pamoja.

Mwambie mke wako asiuze kiwanja bado. Deni na kosa ni mambo mawili. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, shirika ni mlalamikaji na shahidi. Ukilipa yote leo, Jamhuri bado ina uwezo wa kuendelea, na ikiwa karatasi uliyosaini wakati wa kulipa inasema umekiri kuiba umeme, umewapa ushahidi kwa mkono wako. Hata hivyo kulipa kuna faida halisi. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuamua kuiondoa kesi, na ukitiwa hatiani, hakimu huangalia kama aliyepata hasara amefidiwa kabla ya kuchagua kati ya faini, kifungo cha nje na gereza. Kwa hiyo kama unaona, kwa dhamiri yako, kwamba umeme ule uliutumia na unapaswa kulipiwa, nami naona hivyo, basi wakili wako aandike barua ya kutaka hesabu ipitiwe upya na ulipe kiasi cha haki kwa awamu, barua ikisema wazi kwamba malipo si kukiri kosa. Mzozo wa hesabu za ankara unaweza pia kufikishwa EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, baada ya kulalamika kwa mtoa huduma kwanza, ila kufanya hivyo hakusimamishi kesi ya mahakamani.

Kama baada ya kuangalia ushahidi wote mtaona hali ni mbaya kwako, kukiri kunakofaa kupo, na hakufanani na kule kwa shemeji. Tangu mwaka 2019 sheria yetu inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa: wakili wako na waendesha mashtaka wanajadiliana, pengine shtaka linapunguzwa, fidia inapangwa, yanaandikwa na kupelekwa mahakamani, na hakimu anajiridhisha kwamba hukulazimishwa. Hapo unakiri ukijua unakwenda wapi.

Yule anayejiita karani, usimpe hata shilingi. Naomba hili ulisikie kama mama anavyomwambia mwanawe. Faili halilali. Likilala leo litaamshwa kesho, na wewe utakuwa umeongeza kosa la kutoa rushwa chini ya sheria ya mwaka 2007 juu ya lile ulilonalo. Hifadhi namba yake na ujumbe wake, piga TAKUKURU 113, simu ni bure.

Kuhusu wakili, najua utasema huna fedha. Nenda kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako, wanatambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ofisi ya ustawi wa jamii itakuelekeza waliko. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili wa Tanganyika nao huwapokea wasio na uwezo. Nenda wiki hii. Kama Jumatano itafika hujampata, fika mahakamani mapema na wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, kana shtaka, kisha mwombe hakimu muda wa kutafuta wakili. Usikose kufika hata mara moja. Kesi ikitajwa haupo, dhamana inafutwa na mdhamini wako anaumia. Mahakama zetu sasa zinaendeshwa kwa Kiswahili kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2021, kwa hiyo neno usilolielewa simama uliulize. Na ikitokea umetiwa hatiani usiporidhika, una siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Siku hizo hupita haraka mno kwa mtu aliye gerezani, ndugu zako wazijue mapema.

Ukirudi kufungua fremu, usiguse dari ile wala usimruhusu mtu kuigusa mpaka wakili aseme. Baadaye mwenye fremu alete fundi mwenye leseni ya EWURA aukague mfumo mzima, fremu zote nne. Waya ulioungwa kabla ya mita hauna kinga ya kuukata hitilafu ikitokea, na ukuta ule mnaegemea wewe, vijana wako na wateja wenye watoto mgongoni.

Vijana wako wanaogopa, waambie wana haki ya kuogopa lakini hawana la kuficha. Wakiitwa na mahakama waende. Waseme walichokiona kwa macho yao, na wasichokijua waseme hawajui. Usikae nao mkapanga maneno, hata kwa nia njema, hata kama wao wenyewe wanakuomba. Mwendesha mashtaka atawauliza swali la kwanza kabisa kama waliongea na tajiri wao kuhusu ushahidi huu, na ninataka waweze kujibu hapana bila kukutazama usoni.